Kumuombea Maiti na Kumuuliza Maiti: Khabari ya Askari Waliokufa Mpaka wa Songwe

Hili ni jambo moja liulizwalo sana barazani, na khasa na wale warejeao kutoka bara kwa biashara. Mtu amekufa mbali, vitani au njiani. Kaburi lake halijulikani, wala hapana ajuaye ni nani aliyemfumba macho. Jamaa zake wamekaa miaka hawana khabari. Je, yafaa wamwendee mganga ampandishe maiti huyo, wamsikie asemayo? Na maneno hayo yakisikika, yana hukumu gani katika sharia?

Jawabu kwa ufupi ni hili: sharia imeruhusu kumsemesha maiti na kumuombea, wala haikuruhusu kumuuliza. Baina ya mambo haya mawili ndipo walipoteleza wengi, kwa kuwa yanafanana kwa sura. Lakini jawabu fupi halimtoshi mtu aliyefiwa. Basi na lielezwe kwa urefu, na mfano utwaliwe katika nchi ambayo mambo haya yamekutana, nayo ni nchi ya Songwe.

Songwe ni mkoa mpya kwa jina, maana ulitolewa katika mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake ni Vwawa. Nchi yenyewe ni ya zamani, nchi ya Wanyiha na Wanyamwanga na Wandali na majirani zao. Mji wake ujulikanao zaidi na wafanya biashara ni Tunduma, uliopakana na Nakonde ya Zambia kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Kabla ya mwaka 1914 mpaka huo ulikuwa baina ya Wadachi na Waingereza, na vita vikuu vya kwanza vilipofika Afrika ya Mashariki, hapo palikuwa mlango mmojawapo wa vita. Tarehe 9 Septemba 1914 walipigana Karonga, kusini ya mto Songwe. Mwaka 1915 Wadachi waliizingira ngome ya Saisi, upande wa Abercorn. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakavuka mpaka kuingia nchi ya Wadachi. Na mwisho wa vita vyote ukaja kupita hapo hapo. Von Lettow-Vorbeck, mkubwa wa jeshi la Wadachi, alivuka Ruvuma kurudi kaskazini mwishoni mwa Septemba 1918, akapita Ubena, akapita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba akakishambulia kituo cha Fife, karibu na Nakonde ya leo. Kisha akateremka hata Kasama na mto Chambeshi, na huko khabari ya suluhu ikamfikia tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya. Tarehe 25 Novemba alitoa silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168, mbali ya wapagazi, na wake na watoto waliofuatana na jeshi. Na wengi waliookoka na risasi hawakuokoka na homa ya mafua iliyoenea ulimwenguni mwaka huo.

Katika askari hao, wa pande zote mbili, walikuwamo Waislamu wengi: Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao, na watu wa mwambao. Jeshi lilipokwenda kwa haraka, majeruhi wazito waliachwa nyuma ili adui awaokote. Na wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi. Jina la Kariakoo, litajwalo kila siku Dar es Salaam, latokana na jeshi hilo la wachukuzi wa Waingereza. Hesabu ya Waingereza wenyewe ya wachukuzi waliokufa yazidi 40,000, nao waandishi wa historia waona kuwa hesabu hiyo ni pungufu. Wengi wao hawakuuawa na silaha. Waliuawa na njaa, na baridi ya milimani, na homa, na tumbo la kuhara damu. Majina ya wengi hayakuandikwa kwa usahihi, na mishahara yao haikuwafikia warithi.

Basi atazamwe mtu mmoja katika hao, ambaye jina lake halijulikani. Amepigwa risasi, amelazwa chini ya mti, na wenziwe wako mbioni. Ana haki gani juu yao katika saa hiyo?

Vitabu vya fiqhi ya Imamu Shafi vimeeleza. Alazwe kwa ubavu wake wa kulia aelekee kibla. Ikiwa ni vigumu kwa jeraha, alazwe chali, uso wake na nyayo zake zielekee kibla, na kichwa kiinuliwe kidogo. Atajiwe shahada kwa upole, asilazimishwe, wala asiambiwe, "Sema!" Akiisha kuitamka asirudiwe tena ila akisema neno jingine, ili shahada iwe ndiyo neno lake la mwisho. Asomewe Yasin. Atiwe maji kinywani, maana kiu ya kufa ni kali. Apewe matumaini mema kwa Mola wake. Akiisha kukata roho afumbwe macho, afungwe taya kwa kitambaa, viungo vyake vilainishwe, na tumboni awekewe kitu kizito kidogo. Kisha deni lake litazamwe upesi. Hayo yote aweza kuyatenda askari mmoja mwenye blanketi moja na kibuyu cha maji, na katika vita vile hapana shaka wako walioyatenda.

Kisha aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, azikwe. Hapa wengine husema kwamba aliyekufa vitani ni shahidi, haoshwi. Hilo ni kosa katika mas-ala haya. Shahidi asiyeoshwa wala kusaliwa ni yule aliyeuawa katika vita vya dini kwa masharti yake. Askari aliyekufa Fife au Saisi alipigana chini ya bendera ya mfalme mmoja wa Ulaya juu ya mfalme mwingine wa Ulaya. Huyo hukumu yake ni ya maiti wengine, na pasipo maji hutayamamishwa. Na aliyezikwa bila kuoshwa, madhehebu yasema afukuliwe aoshwe maadamu hajaharibika. Akiisha kuharibika huachwa, na kusaliwa husaliwa juu ya kaburi. Wala yeye maiti hana dhambi kwa jambo ambalo wengine wameliacha.

Ama mpagazi aliyekufa kwa tumbo, huyo ana bishara ambayo yafaa jamaa zake waijue. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) aliwahesabu miongoni mwa mashahidi mtu aliyekufa kwa tauni, na aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo, na aliyezama, na aliyeangukiwa na jengo. Hao ni mashahidi wa akhera: huoshwa na kusaliwa kama watu wote, na malipo yao yako kwa Mwenyezi Mungu. Watu wangapi wa pwani wana babu aliyekwenda na mzigo kichwani asirudi, nao huona haya kumtaja kwa kuwa hakufa na bunduki mkononi!

Haya ndiyo waliyokuwa wakiyahitaji jamaa waliobaki nyumbani: kujua haki za maiti wao na kuzitimiza kwa kadiri wawezavyo. Lakini khabari isipokuja, moyo hautulii. Miaka yapita, na mtu hajui kama yeye ni yatima au si yatima, mjane au si mjane. Ndipo hujitokeza mtu mwenye ubani na kitambaa chekundu, aseme, "Maiti wenu hakuoshwa, hakuzikwa, roho yake yatangatanga porini. Leteni kitu, nitamwita." Usiku ule sauti hutoka katika kinywa cha mganga au cha mwanamke aliyepagawa, ikimwita mama kwa jina lake.

Hapana kitabu kinachosema kwamba roho ya asiyezikwa hutangatanga ikitafuta mwili wa kuazima. Lililomo katika Kurani, sura ya Al-Muminun, aya ya 99 na 100, ni kwamba aliyekufa hutamani kurudishwa, na baina yake na kurudi pana kizuizi, ndiyo barzakh, mpaka siku ya kufufuliwa. Na katika sura ya Az-Zumar, aya ya 42, imeelezwa kuwa nafsi ambayo Mwenyezi Mungu ameihukumia mauti huizuia kwake. Kitu alichokizuia Mwenyezi Mungu, hakifunguliwi na kuku mweusi.

Basi sauti ile ni ya nani? Mara nyingi ni ya mganga mwenyewe. Kabla ya mteja kuingia ndani amekaa kwanza barazani, na hapo barazani hukaa mtu mwingine asemaye naye kwa upole, amuulize watoto wangapi, na marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Waganga wengi hawana jini, wana masikio. Na wakati mwingine huwa ni jini kweli, maana majini wapo, nao humwona binadamu naye hawaoni. Lakini jini ajua nini? Katika sura ya Saba, aya ya 14, imetajwa khabari ya Nabii Suleiman, ambaye alifariki naye ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi yao nzito mbele yake, hawajui kuwa bwana wao ni maiti, hata mdudu wa ardhi alipoila fimbo akaanguka. Maiti alikuwa mbele ya macho yao, wasijue. Leo ataaminiwaje jini aseme khabari ya askari aliyekufa Mbozi au Kasama zaidi ya miaka mia iliyopita? Na katika Hadithi sahihi imekuja kwamba neno moja la kweli alilolidokoa jini huchanganywa na uwongo mia kabla ya kufika kwa mteja. Yeye mteja hulikumbuka lile moja.

Amekatazwa Muislamu kumwendea mpiga ramli. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba mwenye kumwendea akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Wanazuoni wameeleza kuwa sala hiyo bado ni wajibu kuisali. Anachokikosa ni thawabu zake.

Tamaa hii ya kuwasemesha wanaokufa ni ya zamani, na mwisho wake ni mbaya kuliko uwongo. Lucan, mshairi wa Kirumi aliyekufa mwaka 65, alitunga kisa cha mchawi mwanamke aliyetakwa na mwana wa jemadari amwambie nani atashinda vita kesho. Mwanamke yule akapita usiku katika maiti wa vita, akachagua askari ambaye mapafu yake hayakupasuka, ili aweze kusema, akamrudisha kwa damu na uchawi. Roho ikachukia kurudi katika mwili ule. Ikasema yaliyotakwa, kisha ujira wa askari yule ukawa kuachwa afe mara ya pili. Hicho ni kisa cha kutungwa, kama hadithi za kutisha wazipendazo vijana wa leo. Lakini Ibn Khaldun, ambaye hakuwa mtunzi wa visa, ameandika katika Mukaddima kwamba walikuwako watawala madhalimu waliowaua wafungwa ili wayasikilize maneno yatokayo kinywani mwao wakati wa kukatwa shingo, wapate kujua mambo yao yajayo. Na ametaja, kwa kukinukuu kitabu cha uchawi, mtu kutiwa katika pipa la mafuta ya ufuta siku 40, akilishwa tini na jozi, mpaka nyama yake ikaisha, kisha akatolewa ili aulizwe. Naye akasema kuwa huo ni uchawi uliokatazwa. Atazame msomaji jambo lilivyogeuka: mtu anayekufa alikuwa na haki ya kutajiwa shahada na kutiwa maji, akafanywa chombo cha kutafutia khabari.

Wala isisemwe kuwa hayo ni ya Warumi na ya watu wa kale. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mkoa wa Mbeya, ambao Mbozi na Tunduma zilikuwa ndani yake wakati ule, watu waliuawa wakachunwa ngozi kwa ajili ya uganga. Na tangu mwaka 2007, khasa katika mikoa ya Ziwa, watu wenye ulemavu wa ngozi waliuawa na viungo vyao vikatwaliwa, hata serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli mwaka 2015. Mtume amekataza kuuvunja mfupa wa maiti, akaufananisha na kuuvunja akiwa hai. Basi itakuwaje kwa mwenye kumuua aliye hai kwa ajili ya ngozi yake?

Na huko Songwe, kama huko Mbeya yote, watu husimulia habari za msukule: mtu aonekane amekufa, azikwe, kumbe aliyezikwa ni mgomba, na yeye mwenyewe amefichwa na mchawi, amekatwa ulimi, alimishwa mashamba usiku. Pwani jina lake ni ndondocha. Mtu wa pwani akirejea kutoka Tunduma huleta kisa cha msukule. Na mtu wa Tunduma akishuka pwani hurudi na kisa cha majini ya Tanga na Pemba. Kila mmoja aona uchawi uko kwa mwenziwe. Madhara ya maneno haya si kicheko tu. Mwenye kuamini kuwa marehemu wake ni msukule hamlilii wala hamuombei, wala halipi deni lake. Hushika njia kumtafuta nani aliyemchukua, na mganga hataacha kumpa jina. Jina lenyewe mara nyingi huwa la bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Ni juu ya jambo hili la kupewa jina ndipo wapasapo kuelezwa wale wanaotoa hoja katika Kurani.

Swali lao la kwanza: Je, si imeelezwa katika sura ya Al-Bakara kwamba Wana wa Israili waliambiwa wachinje ng'ombe, wakampiga maiti kwa sehemu ya nyama yake, akafufuka, akamtaja aliyemuua? Basi kumuuliza maiti kuna asili.

Jawabu: Huo ulikuwa muujiza kwa amri ya Mwenyezi Mungu kwa mkono wa Nabii Musa, wala Nabii mwingine hatakuja. Lakini katika aya hiyo kuna faida kubwa kwa mas-ala haya. Imamu Malik, kwa kuitazama khabari hiyo, aliliona neno la mtu anayekufa, akisema, "Fulani ndiye aliyeniua," kuwa ni alama yenye nguvu, jamaa zake wakaweza kuapa juu yake. Imamu Shafi na wengi wa wanazuoni hawakulikubali. Walisema kuwa dai la mtu halithibiti kwa neno lake mwenyewe, na anayekufa aweza kukosea, na aweza kuwa na chuki. Fahamu jambo hili vizuri. Askari Muislamu, mwenye akili zake, roho iko kooni, aogopa Mola wake, ataja jina la muuaji. Na neno lake peke yake halimwagi damu ya mtu. Itamwagikaje damu kwa neno la asiyeonekana, litokalo katika kinywa cha mganga aliyelipwa?

Swali la pili: Je, Mtume hakuwasemesha makafiri waliouawa Badr, walipotiwa kisimani, akawaita kwa majina yao?

Jawabu: Aliwasemesha. Na Sayyidna Umar alipostaajabu, Mtume akamfahamisha kuwa wanasikia, lakini hawawezi kujibu. Hapo ndipo penye mpaka. Watu wa madhehebu ya Shafi huwatolea salamu wafu wapitapo makaburini, na humsomea talkini maiti baada ya kuzikwa, na Imamu Nawawi ameiona kuwa ni jambo zuri. Katika hayo yote aliye hai husema, kisha akaenda zake. Haketi kaburini kungoja jawabu.

Swali la tatu nalo ndilo lenye nguvu: khabari ya Thabit bin Kais. Huyu alikuwa khatibu wa Ansari, naye aliuawa katika vita vya Yamama, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Abubakari, karibu na mwaka 633 wa Miladi. Imepokewa kwamba baada ya kufa kwake mtu mmoja katika jeshi alimwona katika ndoto, akamwambia kuwa deraya yake imetwaliwa na mtu ambaye hema lake liko mwisho wa kambi, na hapo pana farasi aliyefungwa kamba, na deraya imefunikwa chungu, na juu ya chungu pana tandiko. Akamwagiza amwambie Khalid bin Walid aitwae, na amwambie Khalifa kuwa ana deni kadha, na mtumwa wake fulani ni huru. Deraya ikaonekana kama alivyosema, na Abubakari akaupitisha wasia wake. Huyo ni askari aliyekufa, naye amesema, na neno lake limefuatwa!

Jawabu: Ni kweli, na wanazuoni wameitaja khabari hii kwa mshangao, wakasema hajulikani mwingine ambaye wasia alioutoa baada ya kufa ulipitishwa. Jambo ambalo halikutokea ila mara moja halifanywi kanuni ya kila siku. Tena na atazame mwenye kuuliza jinsi lilivyokuwa. Hapakuwa na mtu aliyemwita Thabit, wala aliyemuuliza, wala aliyechukua ujira. Ilikuwa ndoto, na ndoto njema ni katika fadhila za Mwenyezi Mungu. Hata hivyo hawakuifuata mpaka deraya ilipopatikana mahali pake, ikawa ushahidi wa macho, na wako wanazuoni waliosema kuwa Khalifa aliupitisha wasia kwa ridhaa ya warithi. Na ndoto hiyo iliagiza nini? Ilimlipia mtu deni na kumpa mtumwa uhuru. Haikumtaja mchawi, wala haikumnyang'anya mjane shamba, na hata yule aliyeitwaa deraya hakutajwa kwa jina.

Karibu zaidi na pwani ni khabari ya Kinjikitile huko Ngarambe, nyuma ya Kilwa. Alisema amepagawa na pepo aitwaye Hongo. Watu wakamwendea kutoka mbali, wakaambiwa kuwa wazee wao waliokufa wako naye na watawaona, na kwamba maji yake yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Dhuluma ya Wadachi ilikuwa kubwa, kazi za pamba na kodi ziliwachosha watu, wala hapana lawama kwa mwenye kuikataa dhuluma. Lakini watu waliikabili mizinga ya risasi kifua wazi huko Mahenge kwa ahadi ya pepo, na katika vita hivyo na njaa iliyofuata Wadachi wenyewe walikiri watu 75,000 wamekufa. Wengine wahesabu zaidi ya mara tatu ya hao.

Ikiwa mlango wa mganga umefungwa, jamaa wa aliyepotea waende wapi? Waende kwa kadhi, na hapo sharia haikuwaacha gizani.

Mali ya aliyepotea haigawanywi. Huwekwa mpaka usimame ushahidi wa kufa kwake, au upite muda ambao kwa dhana yenye nguvu mtu haishi zaidi yake, kisha kadhi ajitahidi na kuhukumu kuwa amekufa. Wanaorithi ni wale walio hai wakati wa hukumu hiyo. Na katika muda wa kupotea kwake akifa mtu ambaye yeye humrithi, fungu lake hutengwa likangoja. Warithi walioligawa shamba kwa sauti iliyosikika usiku wamekula mali ya mtu ambaye huenda yu hai. Na waliorudi kutoka vita vile baada ya miaka, jamaa zao wamekwisha kuwakatia tamaa, hawakuwa wachache.

Mke naye ana kauli mbili za Imamu Shafi. Kauli ya zamani ni kwamba angoje miaka 4, kisha akae eda ya kufiwa, miezi 4 na siku 10, ndipo aolewe. Kauli mpya, ndiyo iliyotegemewa katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ni kwamba haolewi mpaka iwe yakini kuwa mume amekufa au amemuacha. Ni nzito kauli hii, na makadhi wengi kwa kumhurumia mwanamke wamefuata miaka 4. Lakini wanazuoni wa madhehebu wamesema pia kwamba akimjia mtu mmoja mwadilifu, akampa khabari ya kufa kwa mumewe, yamfalia baina yake na Mola wake kuolewa baada ya eda. Basi mjane wa askari wa Songwe alikuwa na haja ya mtu mmoja tu mkweli: mwenziwe mumewe katika safu, aliyekuwapo chini ya mti ule, akaona. Kumtafuta mtu huyo Tabora au Tanga kulikuwa kazi na gharama, lakini hakukuzidi mbuzi na nguo alizompa mganga.

Imebaki sala. Mtume alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, siku aliyokufa, naye yuko Madina na maiti yuko Uhabeshi. Kwa hiyo Mashafi waliijuzisha sala ya ghaibu, kwa takbira 4 kama sala yoyote ya maiti. Sharti lake ni kwamba mwenye kusali awe siku ile alipokufa maiti alikuwa ni mtu wa kulazimiwa na sala hiyo, yaani Muislamu aliyebaleghe na mwenye akili. Kwa sababu hii wajukuu na vitukuu walio hai leo hawawasalii sala ya ghaibu waliokufa mwaka 1918, kwani hawakuwapo. Wana dua, na sadaka, na kuwahijia. Na ikithibiti kwa maandishi au kwa ushahidi kuwa mmoja wao aliacha deni, na shamba lake likali mikononi mwa wajukuu, deni hilo hutolewa katika shamba na kulipwa warithi wa mdai, hata wakiwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kisha wajukuu hugawana kinachobaki.